Mkojoni, Mji wa Mkojo au Mji wa Haja? Namna ya kufumbua jina la mchezo wa muziki na kulileta kwa Kiswahili

Mwanamke wa Mombasa akichagua leso hatazami mji wa katikati na pindo tu. Husoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa, kisha hujiuliza: nikijifunga hili, nani atadhani anasemwa? Maneno ni yale yale dukani na harusini, lakini maana hugeuka kwa aliyevaa, aliyeyaona na siku yenyewe. Jina la mchezo wa muziki ni hivyo hivyo. Kilichoandikwa kwenye bango ni nusu. Nusu ya pili imo midomoni mwa wahusika, na ndiyo inayopotea mtu anapokimbilia kamusi.

Maelezo haya ni ya kikundi cha shule au cha mtaa kinachotayarisha mchezo wa muziki kutoka nje, na kimempa mtu kazi ya kueleza jina kwenye kijitabu cha onyesho au kulitafutia jina la Kiswahili. Mfano mkuu ni Urinetown (urine ni mkojo, town ni mji), kwa kuwa jina hilo ni gumu kuliko mengi: linachukiza makusudi, linaficha jambo, na mchezo wenyewe unalicheka. Ukiliweza hilo, mengine ni mteremko.

Tenga jioni tatu. Uwe na skripti nzima pamoja na maneno ya nyimbo (muhtasari wa hadithi hautoshi), kalamu za rangi mbili, kamusi ya Kiswahili na ya lugha ya asili, na watu sita wasioujua mchezo ambao utawahitaji jioni ya tatu.

Jioni ya kwanza: mfuate anayelitamka

Soma skripti tangu ukurasa wa kwanza, na kila jina la mchezo linapotamkwa lipigie mstari. Pembeni andika mambo manne: nani kasema, kamwambia nani, je, msemaji anaijua maana yake, na je, watazamaji wanaijua wakati huo. Kalamu ya pili iwe ya mahali ambapo kitu chenyewe kipo ila jina halitajwi. Kazi hii huchosha, lakini ndiyo inayokuokoa na kosa kubwa kuliko yote: kueleza jina kwa maana ya mwisho wa mchezo, ukamwaga siri kabla pazia halijafunguliwa.

Katika Urinetown, ukame wa miaka 20 umeufanya mji upige marufuku vyoo vya nyumbani. Kila mtu sharti alipe kwenye vyoo vya umma vinavyoendeshwa na kampuni moja, na anayejisitiri kichakani hukamatwa na kupelekwa Urinetown. Mtazamaji wa Mombasa, aliyezoea foleni ya mitungi na mkokoteni wa maji, hahitaji kuelezwa sehemu hiyo.

Ukipiga mistari yako utaona maana ya jina imepita hatua tatu. Mwanzoni askari Lockstock, ambaye pia ndiye msimulizi, anamwambia mtoto Little Sally kwamba ni mahali pabaya ambapo watazamaji hawatapaona mapema. Hapo ni tetesi tu. Katika sehemu ya pili, kijana Bobby Strong anapandishwa juu ya jengo la kampuni na kusukumwa. Ndipo Bobby anapojua kwamba Urinetown ni kifo, na mahali penyewe hapakuwapo kamwe. Mwishoni, watu wameshaipindua kampuni na kujisaidia bure, maji yanakwisha, na wanagundua kwamba mji wao wenyewe ndio Urinetown. Tetesi, kifo, nyumbani. Jina la Kiswahili lisiloweza kubeba hatua zote tatu litakufa njiani.

Kuna jambo la nne, dogo lakini linauma. Dakika za mwanzo kabisa Lockstock na Little Sally wanazungumza juu ya mambo yanayoweza kuuua mchezo, na jina baya ni mojawapo. Kwa hiyo ubaya wa jina ni sehemu ya maandishi. Likumbuke hili, maana litarudi kukusumbua.

Jioni ya pili: chimbuko

Tafuta vitu vitatu: kisa kilicholizaa jina, kazi iliyotangulia, na majina yaliyotupwa. Si kila mchezo unavyo vyote.

Urinetown ina kisa. Greg Kotis, mwandishi wake, alikuwa msafiri mwenye fedha kidogo Ulaya mwaka 1995, akajikuta Paris akihesabu sarafu kabla ya kwenda chooni. Mark Hollmann alitunga muziki. Mchezo ulionyeshwa kwanza katika tamasha la Fringe la New York mwaka 1999, kisha ukafika Broadway, kwenye kumbi kuu za mji huo, tarehe 20 Septemba 2001. Ulikuwa ufunguliwe tarehe 13. Mashambulizi ya tarehe 11 yakauchelewesha. Mwaka uliofuata ulipata tuzo tatu za Tony, za maandishi, muziki na uelekezaji, kwa hiyo lile jina baya halikuuua.

Oklahoma! ni mfano wa jina lililotupwa. Kabla ya kufunguliwa New York tarehe 31 Machi 1943 ulijaribiwa New Haven na Boston ukiitwa Away We Go!, na kabla ya hapo hadithi ilikuwa tamthilia ya Lynn Riggs yenye jina jingine kabisa. Jina jipya lilitoka kwenye wimbo mmoja wa mchezo, likaongezwa alama ya mshangao. Neno lenyewe ni la Wachoctaw: okla ni watu, humma ni ekundu. Alama ya mshangao ni sehemu ya jina. Ukiiacha kwenye bango umeandika jina la jimbo la Marekani.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu na hadithi tamu. My Fair Lady, wa mwaka 1956, ulitokana na Pygmalion wa George Bernard Shaw, na maneno ya jina jipya yanapatikana mwishoni mwa kibwagizo cha wimbo wa watoto kuhusu daraja la London. Hilo unaweza kumwonyesha mtu kwa kidole. Wapo pia wanaosema ni mzaha wa matamshi, namna watu wa mitaa ya chini ya London wanavyolitamka Mayfair, mtaa wa matajiri. Ni fasiri nzuri na inafaa hadithi, lakini kwenye kijitabu iandike kama fasiri. Kanuni rahisi: unachoweza kukionyesha kwenye maandishi sema "ni", unachokisikia sema "husemekana".

Majina ya Kiafrika nayo hukaguliwa na mwenye lugha. Ipi Tombi, mchezo wa Afrika Kusini wa mwaka 1974, ni Kizulu kilichovunjwa cha "iphi intombi", yaani yuko wapi msichana. Ukiyatafuta maneno yale mawili kama yalivyoandikwa kwenye bango hutayapata, na hapo wengi hubuni maana yao.

Pima uzito wa neno kabla ya maana yake

Kila neno la lugha ya asili liulize: hutumika wapi? Kliniki, sokoni, msikitini, kitandani, kwenye ugomvi? Urine kwa Kiingereza ni neno la daktari. Watoto na walevi wana maneno yao mengine, na mwandishi aliyaruka. Akaliunganisha na town, kiishio cha heshima cha majina ya miji. Kichekesho kimo katika muungano huo: neno la maabara limevaa koti la manispaa.

Mombasa tuna bahati, maana hiyo town tunaijua bila mkalimani. Tuna Old Town, na tuna Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru na kupewa jina la Mwingereza Bartle Frere. Kwa hiyo kuliacha jina la Kiingereza kama lilivyo si uvivu. Mara nyingi ni lazima pia: mkataba wa leseni kwa kawaida hudai jina liandikwe lilivyo, pamoja na majina ya waandishi, na tafsiri huhitaji idhini ya maandishi. Iombe kabla ya mazoezi kuanza. Kikundi kinachosubiri hadi wiki ya kuchapisha hulazimika kubandika karatasi juu ya mabango yake.

Tuseme idhini ipo. Majina matatu hujitokeza.

Mji wa Mkojo ndilo la kwanza kumjia kila mtu. Uzito unakaribiana, maana mkojo ni neno la kliniki pia. Mtu hupeleka mkojo kupimwa bila aibu. Ila "mji wa" linalegea. Town imeshikamana na neno lake. "Mji wa" limekaa kama anwani ya ripoti.

Mji wa Haja Ndogo lina adabu, na wazazi hawatanung'unika. Adabu hiyo ndiyo inayoliharibu: hakuna mtoto atakayelalamika kwamba ni jina baya, na mazungumzo ya mwanzo yatakosa pa kusimama. Ukikata "Ndogo" ukabaki na Mji wa Haja unapata jambo zuri sana, kwa kuwa haja ni mahitaji na haja ni kwenda msalani, na mchezo mzima unahusu kampuni iliyogeuza mahitaji kuwa bidhaa. Kingekuwa kitu cha kujivunia, kama si sababu mbili. Ya kwanza ni ile ile: ni jina zuri mno. Ya pili ni herufi moja. Mchapaji akikosea, au msikilizaji akisikia vibaya kwenye kelele za Mwembe Tayari, Mji wa Haja unakuwa Mji wa Hija. Mombasa kosa hilo halichekeshi, na kuomba radhi hakutalifuta bango.

La tatu ni Mkojoni.

Kiswahili kina kiishio chake cha town, nacho ni -ni. Kisiwa na viunga vyake vimejaa: Ganjoni, Kibokoni, Mkomani. Hata Frere Town yenyewe ina Kengeleni, palipoitwa kwa ajili ya kengele. Mtu akisikia Mkojoni anasikia mtaa wenye steji na utingo anayeuita, kabla hajang'amua neno lenyewe. Koti la manispaa limerudi, ubaya umebaki, Little Sally ana haki ya kulalamika.

Na kuna faida ambayo Kiingereza hakina. Jina la mahali kwa Kiswahili huchukua ku, pa au mu. Ku ni kule kusikojulikana vizuri, pa ni pale penye mipaka, mu ni ndani. Rudi kwenye mistari ya jioni ya kwanza. Katika tetesi: Mkojoni kuko wapi? Juu ya jengo, ukingoni: Mkojoni ni pale. Maji yakishakwisha: Mkojoni ni humu. Hatua zote tatu za jina zimebebwa na viambishi, bila sentensi ya ziada. Anayetafsiri mazungumzo alinde mpangilio huo: asiruhusu humu litokee popote kabla ya mwisho, hata kwa bahati mbaya kwenye maneno ya nyimbo. Humu moja ikiponyoka katika sehemu ya kwanza, watazamaji wakali watakuwa wameshajua.

Kwa kawaida ukifikia hapo utatamani kutafsiri na majina ya wahusika. Acha. Lockstock na mwenzake Barrel ni msemo wa Kiingereza uliotokana na sehemu tatu za bunduki, wenye maana ya kitu chote bila kubakisha. Kuulazimisha kwa Kiswahili huzaa askari wawili wasiochekesha.

Majina mengine, na mitego yake

Rent, mchezo wa Jonathan Larson wa mwaka 1996, una maana mbili kwa Kiingereza: pango la nyumba, na kilichochanika. Ukiandika Kodi unapoteza mchaniko na kuingiza maana ambayo hukuialika, kwa sababu kodi ni ushuru pia, na mtazamaji atakuja akidhani mchezo unamhusu mtoza ushuru. Pango ni neno sahihi zaidi, lakini atakayelisikia bila maelezo atafikiria mapango ya Shimoni. Huu uache kwa Kiingereza.

Jina la Les Misérables, mchezo uliotoka Ufaransa, halikutafsiriwa hata ulipopelekwa London mwaka 1985. Hapa Kiswahili kimejaliwa, kwa kuwa maskini ni asiye na kitu na pia ni neno la kumhurumia mtu: maskini, mtoto wa watu! Kinachokosekana ni upande wa tatu wa neno la Kifaransa, yaani mtu mwovu. Mbili kati ya tatu si haba.

Come From Away, uliofika Broadway mwaka 2017, huwakwaza hata Waingereza, wanaodhani sarufi imekosewa. Ni nomino ya Newfoundland, Kanada, ya mtu asiyezaliwa kisiwani. Hadithi inahusu ndege 38 zilizotua Gander, mji wa kisiwa hicho, tarehe 11 Septemba 2001 zikiwa na abiria karibu 7,000. Mombasa nayo ni kisiwa, na ina maneno yake ya wageni, lakini usichukue "watu wa bara". Siasa yake itaufunika mchezo. "Waja na maji" linakaribia kwa maana, ila waliokuja Gander walitoka hewani. Lipunguze libaki Waja. Ni wanaokuja, na kwa lugha ya mashairi na ya dua ni wanadamu wote. Mchezo huo unasema hayo mawili, na hutapata neno jingine linaloyasema kwa herufi nne.

Mfano wa nyumbani unafaa kwa kufundishia. Ngaahika Ndeenda, mchezo wenye nyimbo nyingi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulionyeshwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, kabla ya kibali chake kufutwa. Kwa Kiswahili ni Nitaolewa Nikipenda, kwa Kiingereza I Will Marry When I Want. Kitenzi cha Kiingereza hakisemi kama msemaji anaoa au anaolewa. Cha Kikikuyu na cha Kiswahili kinasema. Wape wanafunzi majina yote matatu, waulize nani anazungumza. Dakika kumi zinatosha kuwaonyesha tafsiri inapovuja.

Jioni ya tatu: sikio na jicho

Wapigie simu wale watu sita. Litaje jina mara moja tu, bila kulirudia, uwaombe waliandike na kukutumia, pamoja na sentensi moja ya wanachotarajia kuona. Wachanganye: wazee wawili, vijana wawili, na wawili ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Wanne wakiliandika sawasawa, linafaa. Mmoja tu akiandika kitu kinachogusa dini au kabila la watu, litupe hata kama watano wamelipenda, maana mtaani huyo mmoja atakuwa mamia. Simu ni bora kuliko ana kwa ana, kwa sababu ana kwa ana uso wako unawasaidia.

Kisha pima bango. Karatasi ya A3 ina upana wa sentimita 29.7; toa kingo, zinabaki kama 26. Herufi kubwa nene ina upana wa karibu saba ya kumi ya urefu wake. Kwa kusomeka vizuri, hesabu sentimita 2.5 za urefu kwa kila mita 3 za umbali. Gawa 26 kwa idadi ya herufi na nafasi, gawa tena kwa 0.7, utapata urefu wa herufi. MKOJONI ina herufi saba: sentimita 5.3, inasomeka kutoka mita 6 na kitu. URINETOWN ina tisa: sentimita 4.1, mita 5. MJI WA HAJA NDOGO, ukihesabu nafasi, ni 17: sentimita 2.2, na msomaji sharti asogee hadi mita 2 na nusu. Abiria wa tuktuk hashuki ili asome bango lako. Ukilazimika kutumia jina refu, likate mistari miwili mahali ambapo maana haivunjiki. "Mji wa" juu na "Haja Ndogo" chini, kamwe usiache "Ndogo" peke yake.

Aya ya kijitabu

Iwe kati ya maneno 60 na 90. Iseme jina limeundwaje, limetoka wapi, na swali gani mtazamaji alisikilizie. Isiseme jibu. Mfano:

"Jina la mchezo huu ni mahali. Wanaovunja sheria ya vyoo hupelekwa huko, na hakuna aliyerudi kuelezea. Kwa Kiingereza limeunganisha neno la kliniki na kiishio cha majina ya miji. Sisi tumelitamka kama mitaa yetu, Mkojoni. Greg Kotis alipata wazo mwaka 1995 akiwa safarini Ulaya, alipoona kwamba hata haja ndogo ina bei. Kama jina halikupendezi, msikilize Little Sally mwanzoni mwa mchezo. Kisha usikilize namna watu wanavyopataja mahali hapo: kule, pale, na neno la tatu."

Ichapishe chini ya orodha ya wahusika, ukurasa wa kushoto, ili isomwe taa zikiwa bado zinawaka. Kabla ya kumpa mchapaji ruhusa, mtu ambaye hakuiandika aisome kwa sauti kutoka kwenye nakala ya mchapaji yenyewe, neno kwa neno, na mwingine afuatilie kwenye skripti. Kama mlishikilia Mji wa Haja, neno hilo litazamwe na macho ya watu watatu.